Kudai fedha za bima ya PPI Uingereza: benki, msuluhishi, mahakama, kampuni ya madai au fomu ya kodi?

Aliyekopa Uingereza kati ya miaka ya 1990 na 2010, kwa kadi ya mkopo, mkopo wa binafsi, rehani ya nyumba au kadi ya duka, huenda aliuziwa pamoja na deni lake bima iitwayo PPI (payment protection insurance). Kazi yake ilikuwa kulipia marejesho ukiugua, ukipata ajali au ukiachishwa kazi. Tusiichanganye na bima ya mkopo tuliyoizoea Kenya na Tanzania, ambayo kwa kawaida hufuta deni mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu.

Bima yenyewe haikuwa haramu. Ubaya ulikuwa katika kuiuza. Watu waliambiwa bila bima mkopo hautatoka. Wastaafu, waliojiajiri na vibarua wa wakala waliuziwa bima ambayo masharti yake yaliwanyima fidia tangu siku ya kwanza. Muuguzi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, mwenye zaidi ya miaka mitano kazini, ambaye akiugua hulipwa mshahara kamili miezi sita na nusu mshahara miezi sita inayofuata, aliuziwa kinga ya mshahara aliokuwa nao tayari. Benki zilikwenda mahakamani kupinga kanuni za fidia, zikashindwa Aprili 2011, na kuanzia hapo zimelipa zaidi ya pauni bilioni 38.

Kisha mamlaka ya usimamizi wa fedha, FCA, ikaweka tarehe ya mwisho ya malalamiko: 29 Agosti 2019. Tangu siku hiyo wapo wanaoamini kila kitu kimefungwa, na wapo wanaopigiwa simu na kampuni zikiwaambia kila kitu bado kiko wazi. Wote wawili wamekosea. Milango iliyobaki ni michache, kila mmoja una hoja yake na saa yake, na mara nyingi mlango unaokufaa hauhitaji kumlipa mtu akufungulie.

Kabla ya kuchagua

Unahitaji majibu ya maswali matatu. Uliwahi kulalamika kuhusu PPI, na ulilipwa nini? Uhusiano wako wa mkopo na benki hiyo uliisha lini, yaani deni lilimalizika au kadi ilifungwa mwezi gani na mwaka gani? Na kama ulilipwa, fedha ziliingia tarehe ngapi?

Usikisie. Iandikie benki ombi la taarifa zako binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa ya 2018. Ni bure, na benki ina mwezi mmoja wa kujibu, ingawa inaweza kuongeza muda kwa ombi lenye mambo mengi. Taja majina yote uliyotumia, anwani zote ulizoishi tangu ufike, tarehe ya kuzaliwa na namba za akaunti unazozikumbuka. Omba mambo haya kwa kuyataja: mikataba ya mkopo, taarifa za akaunti, rekodi za bima, barua zote za malalamiko ya PPI, na kiwango cha kamisheni iliyokatwa kwenye bima yako, yaani sehemu waliyochukua walioiuza. Hilo la mwisho watu husahau, nalo ndilo linalobeba kesi siku hizi.

Ombi hukwama mara nyingi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni majina: pasipoti inasema hivi, kadi ya zamani ilisema vile, na benki haioni kuwa ni mtu mmoja. Ambatisha cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina mapema. Ya pili ni umri wa faili, kwa kuwa benki nyingi hutupa kumbukumbu miaka sita baada ya akaunti kufungwa. Hapo taarifa za akaunti ulizohifadhi kwenye sanduku chini ya kitanda huwa ndizo ushahidi pekee. Tafuta mistari iliyoandikwa PPI, ASU, "payment protection", "payment cover" au "loan protection".

Njia zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| Njia | Hoja inayobeba dai | Unacholipa | Saa inayohesabu |
|---|---|---|---|
| Benki, kisha msuluhishi | Uliuziwa isivyo halali | Hakuna | Ilifungwa 29 Agosti 2019, isipokuwa hali chache |
| Mahakama, mwenyewe | Kamisheni kubwa iliyofichwa | Ada za mahakama | Kwa kawaida miaka 6 tangu mkopo uishe |
| Wakili au kampuni ya madai | Hizo hizo mbili | Asilimia ya fidia, pamoja na VAT | Hizo hizo |
| Fomu ya kodi | Kodi iliyokatwa kwenye riba ya fidia | Hakuna | Miaka 4 tangu mwaka wa kodi uishe |

Soma mstari wa wakili na kampuni ya madai kwa makini: kampuni ya madai haina mlango wake yenyewe. Inapita kwenye milango ile ile unayoweza kupita wewe.

Benki na msuluhishi

Njia hii ilikuwa nyepesi kuliko zote, nayo sasa imebaki kwa watu wachache. Unaweza kuitumia kama PPI yako iliuzwa baada ya 29 Agosti 2017, kwa kuwa tarehe ile ya mwisho haiihusu. Unaweza kuitumia pia kama ulilalamika kabla ya tarehe ile, una ushahidi, na benki haikukujibu hadi leo. Au kama unachopinga ni kukataliwa fidia ya bima uliyoidai, na si namna ilivyouzwa. Halafu kuna waliozuiwa na hali ya kipekee, kwa mfano ugonjwa mzito uliowafanya wasiweze kushughulikia mambo yao kabla ya muda kwisha. Kutosikia habari si hali ya kipekee. Tangazo la kichwa cha bandia cha Arnold Schwarzenegger lilizunguka nchi nzima kwa miaka miwili, na benki itakukumbusha hilo.

Ukiangukia humo, andika kwa benki kwanza. Ina wiki nane kutoa jibu la mwisho. Ikikataa au ikinyamaza, nenda Financial Ombudsman Service, ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya fedha, ndani ya miezi sita tangu tarehe ya barua ya jibu la mwisho. Mlalamikaji halipi chochote. Msuluhishi akikubali dai la kuuziwa isivyo halali, kanuni ni kukurudisha mahali ungekuwa bila bima: malipo yote ya bima, riba ya mkopo iliyokaa juu ya malipo hayo, na riba isiyojilimbikiza, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka.

Miezi sita hiyo ndiyo inayowaangusha watu. Barua hutumwa anwani ya zamani, inakaa kwa mpangaji mpya, na saa haisimami. Badilisha anwani kwenye benki kabla ya kutuma lalamiko.

Mahakama

Hapa ndipo penye fedha bado, na ndipo panapohitaji uangalifu, kwa sababu hoja ni tofauti kabisa. Huendi kueleza kwamba karani wa tawi alikulaghai mwaka 2004. Unakwenda kusema kwamba sehemu kubwa ya fedha za bima ilikuwa kamisheni, hukuambiwa, na kwa hiyo uhusiano wako na mkopeshaji haukuwa wa haki.

Msingi wake ni kifungu 140A cha sheria ya mikopo ya walaji ya 1974, na kesi ya Plevin dhidi ya Paragon iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Novemba 2014. Bi Plevin alikopa pauni 34,000 mwaka 2006 kwa miaka kumi, akauziwa bima ya miaka mitano kwa pauni 5,780. Asilimia 71.8 ya fedha hizo ilikuwa kamisheni. Kampuni ya bima iliyobeba hatari ilipata pauni 1,630 tu. Mahakama ikasema tofauti kubwa kiasi hicho, ikifichwa, inaufanya uhusiano usiwe wa haki.

Baada ya hukumu hiyo FCA iliweka kanuni ya kati: benki irudishe kamisheni iliyozidi asilimia 50. Ndiyo maana watu wengi walipata barua iliyosema "bima yako iliuzwa sawasawa, lakini tunakulipa kiasi hiki". Tuchukue bima ya pauni 3,000 yenye kamisheni ya asilimia 70. Benki ilirudisha asilimia 20, yaani pauni 600 na riba. Mahakama haifungwi na kanuni hiyo ya 50. Unaweza kudai kamisheni nzima ya pauni 2,100, au hata bima yote, ukitoa ulichokwisha pokea. Ikiwa barua yako ilikuwa ya aina hii, una jambo la kuchunguza. Ikiwa ulirudishiwa bima yote pamoja na riba, hakuna kilichobaki mahakamani, na yeyote anayekuambia vinginevyo anatafuta ada.

Sasa saa. Kifungu hiki hakigusi mikopo iliyokwisha kabla ya 6 Aprili 2008. Kwa mingine, hukumu ya Smith dhidi ya Royal Bank of Scotland ya Oktoba 2023 ilieleza kwamba miaka sita huanza uhusiano wa mkopo unapokwisha, si siku bima ilipouzwa wala siku malipo ya bima yalipokoma. Bi Smith alilipia PPI hadi 2006, lakini kadi yake ilidumu hadi 2015, na dai alilolifungua 2019 likakubaliwa. Kwa hiyo mwenye kadi aliyoifungua 2002 na bado anaitumia yuko pazuri kuliko aliyechukua mkopo wa miaka mitano 2005 na kuumaliza 2010. Hili huwashangaza wengi, kwa kuwa hudhani la zamani zaidi ndilo lililokufa.

Aliyechelewa ana kamba moja nyembamba. Novemba 2023, katika kesi ya Canada Square dhidi ya Potter iliyohusu mkopo wa 2006 uliomalizika 2010 na wenye kamisheni ya zaidi ya asilimia 95, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba benki iliyoficha kamisheni kwa makusudi haiwezi kujificha nyuma ya ukomo wa muda hadi mteja agundue, au awe angeweza kugundua kwa juhudi za kawaida. Usiitegemee mno. Kama benki ilikuandikia barua ya kamisheni mwaka 2018, mahakama itasema uligundua siku hiyo, na miaka sita imeshapita. Tarehe ya barua hiyo ndiyo saa yako.

Utaratibu wa England na Wales ni huu. Andika barua ya kabla ya kesi: namba ya akaunti, tarehe, jumla ya bima uliyolipa, madai kwamba kamisheni haikutajwa, kifungu 140A, kiasi unachotaka, na muda wa kujibu usiopungua siku 14. Benki isipokubali, jaza fomu N1. Dai lisilozidi pauni 10,000 kwa kawaida huenda kwenye madai madogo. Ada ya kufungua dai la kati ya pauni 1,500 na 3,000 ni pauni 115, na ya kusikilizwa 181. Kwa dai la kati ya 3,000 na 5,000 ni 205 na 346; kwa kati ya 5,000 na 10,000 ni 455 na 346. Ada hubadilishwa, angalia jedwali la serikali siku unayolipa. Mwenye kipato kidogo au anayepokea posho za serikali aombe msamaha wa ada kwa fomu EX160 kabla ya kulipa. Ukishinda, ada huongezwa kwenye deni la benki.

Sheria inakupa msaada mmoja mkubwa: ukishadai kwamba uhusiano haukuwa wa haki, mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikuwa wa haki uko kwa mkopeshaji. Huna haja ya kuwa na risiti ya kamisheni mkononi kabla ya kuanza.

Yanayoharibu kesi hizi yanajulikana. Kubwa kuliko yote ni kusaini "malipo kamili na ya mwisho" ulipopokea fidia ya awali. Tafuta barua hiyo uisome neno kwa neno. Lingine ni kudai kiasi kikubwa kupita kiasi, dai likatolewa kwenye madai madogo. Huko mshindwa kwa kawaida habebeshwi gharama za mawakili wa upande wa pili, labda awe amefanya mambo yasiyo na busara. Kwenye ngazi ya juu yake gharama hizo zinaweza kumeza fidia yote. Uskoti ina mahakama na taratibu zake, na ukomo wa kawaida huko ni miaka mitano. Na aliyewahi kutangazwa muflisi England au Wales aulize kwanza ofisi ya msimamizi wa mufilisi, kwa sababu fidia ya bima iliyouzwa kabla ya kufilisika inaweza kuwa mali ya wadai wake hata miaka mingi baadaye.

Wakili au kampuni ya madai

Kwa kazi ya kuandika lalamiko kwa benki au msuluhishi, hatuoni sababu ya kumlipa mtu. Tangu Julai 2018 ada ya madai ya PPI imewekewa kikomo cha asilimia 20, VAT juu yake, ambayo kwa jumla ni 24. Kwenye fidia ya pauni 3,000 hiyo ni pauni 720 kwa barua mbili na fomu moja. Tena kuna mtego: benki ikitumia fidia kupunguza deni ulilochelewesha, wewe hupati hata senti mkononi, lakini kampuni bado inadai ada yake taslimu.

Mahakamani hesabu inabadilika. Kuna kazi halisi: kukokotoa riba, kujibu hoja ya ukomo wa muda, kusimama mbele ya jaji. Mtu asiye na nafasi, au ambaye Kiingereza cha kisheria kinamlemea, anaweza kuona afadhali kupata nusu kuliko kukosa yote. Lakini mikataba ya wakili kuchukua sehemu ya fidia inaruhusiwa kufikia asilimia 50, VAT ikiwemo, kwa hiyo soma namba kabla ya kusaini. Uliza kwa maandishi: asilimia ngapi na VAT ni kiasi gani, nani analipa ada ya mahakama tukishindwa, nikijiondoa baada ya siku 14 nitatozwa nini, na je, ada inakatwa kwenye fedha nilizokwisha lipwa na benki zamani? Wakili mwaminifu atakuambia pia kama kesi yako imepitwa na muda, badala ya kuchukua kila jina linalopita.

Hakikisha kampuni ipo kwenye rejista ya FCA, na wakili kwenye orodha ya mamlaka ya mawakili. Anayekupigia akisema fidia yako iko tayari ila ulipe kwanza gharama ya kuitoa ni tapeli. Kata simu.

Fomu ya kodi

Hii ndiyo fedha inayosahauliwa zaidi, na ndiyo rahisi zaidi. Katika fidia ya PPI, ile riba ya asilimia 8 huhesabiwa kama mapato, na benki hukata asilimia 20 kwa ajili ya mamlaka ya kodi, HMRC, kabla ya kukulipa. Tangu 6 Aprili 2016 mlipa kodi wa kiwango cha kawaida anaruhusiwa pauni 1,000 za riba kwa mwaka bila kodi, wa kiwango cha juu pauni 500. Wengi walikatwa kodi wasiyodaiwa.

Mfano: benki ilirudisha bima pauni 1,400, riba ya mkopo 600 na riba ya asilimia 8 pauni 1,000. Ilikata 200 ukapokea 2,800. Kama huna riba nyingine ya akiba mwaka huo, zile 200 ni zako. Ukipitia kampuni inayotoza asilimia 40 na VAT juu yake, 96 zinaondoka. Ada za marejesho ya kodi hazimo chini ya kikomo kile cha asilimia 20.

Fomu ni R40, mtandaoni au kwa posta. Barua ya benki inaonyesha namba tatu unazozihitaji: riba kabla ya kodi, kodi iliyokatwa, riba baada ya kodi. Ambatisha nakala ya barua hiyo, kwa kuwa HMRC hudai ushahidi. Kosa la kawaida ni kuandika fidia yote kama riba. 3,000 badala ya 1,000 itaonekana umevuka msamaha wako. Anayejaza ritani ya kodi kila mwaka asitumie R40, alitaje dai ndani ya ritani. Na mwenye kipato cha kiwango cha juu ahesabu kwanza, kwa sababu riba iliyozidi pauni 500 humfanya adaiwe nyongeza.

Muda ni miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa kodi uliolipwa. Fidia ya Agosti 2022 imo katika mwaka ulioishia 5 Aprili 2023, kwa hiyo mwisho wake ni 5 Aprili 2027. Aliyeshinda mahakamani au kwa msuluhishi miaka ya karibuni aangalie karatasi zake leo.

Kampuni za aina hii zilikuwa zikiwasainisha watu hati ya kuhamisha haki ya marejesho, na mteja hakuweza kujitoa. Hati za namna hiyo zilizosainiwa kuanzia 15 Machi 2023 hazina nguvu kisheria.

Aliyekwisha rudi nyumbani

Kuishi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat hakufuti dai. Ombi la taarifa linatumwa kutoka popote, pamoja na nakala ya pasipoti. Kwa kodi, asiye mkazi wa Uingereza hutumia R43, si R40. Kesi ya mahakama kwa mtu aliye mbali ni ngumu zaidi, kwa kuwa dai likiwa nje ya madai madogo benki inaweza kuomba uweke dhamana ya gharama. Hapo ndipo wakili anapokuwa na maana. Tatizo kubwa ni kupokea fedha: hundi ya pauni kutoka Uingereza huwa taabu kuilipisha huku. Fomu ya kodi inaruhusu kutaja mtu mwingine wa kupokea. Andika jina la ndugu mwenye akaunti Uingereza, unayemwamini, na usiache nafasi hiyo wazi kwenye karatasi yoyote unayoisaini kwa kampuni.